Shangazi, eti mimba yangu iliharibika kwa sababu niliogopa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 33, nimeolewa na tuna mtoto mmoja wa kiume anayesoma darasa la pili. Nakusoma siku zote, ila sikuwahi kudhani na mimi ningekuja kukuandikia.

Mwaka jana rafiki yangu niliyejifunza naye ufundi aliniunganisha kwenye kundi la WhatsApp la kocha mmoja wa maisha. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Kocha anafundisha sheria ya mvutano, kwamba mawazo ya mtu yana mtetemo wake na ulimwengu unamrudishia kilekile anachokiwaza. Ukiwaza neema inakuja neema, ukiwaza uhaba unakuja uhaba. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anatuma sauti, nasi tunajinenea: fedha zinanipenda, fedha zinanitafuta, fedha zinalijua jina langu. Nilitengeneza na ubao wa ndoto. Nilibandika picha ya nyumba, ya gari, ya cherehani za umeme zimepangwa mstari, na ya mtoto wa kike amevaa gauni jeupe.

Sitasema uongo Shangazi, mwanzoni nilijisikia vizuri mno. Nilikuwa naamka na nguvu, hata mume wangu akasema nimechangamka. Mara nikapata oda ya sare za kwaya. Nikatoa ushuhuda kwenye kundi, wakanipongeza siku nzima.

Baadaye tukafundishwa kuwa kudai madeni ni mtetemo wa uhaba. Eti ukifungua daftari la wadaiwa unauambia ulimwengu kwamba wewe ni mtu wa kudhulumiwa, nao utakuletea wadhulumaji zaidi. Nikaacha kuandika madeni. Wazazi wengi niliowashonea sare za shule mwezi wa kwanza walitoa nusu, hiyo nusu nyingine mpaka leo sijaiona, na wengine hata sikumbuki walibakiza kiasi gani.

Kisha likaja darasa la ndani, la watu wachache, shilingi 350,000. Nilikuwa nimekopa 500,000 kwenye kikoba chetu ili ninunue cherehani ya ovaloki ya mtumba. Kocha akasema anayetoa kwa woga hapati, anayetoa kama tajiri anarudishiwa mara saba. Nikatoa. Mume wangu hajui, anadhani bado natafuta ovaloki nzuri. Sasa marejesho yamenishinda na wenzangu wameanza kuniangalia vibaya kwenye vikao.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni kingine. Nilikuwa na mimba ya kama wiki kumi. Tangu mwanzo nilikuwa na hofu kwa sababu dada yangu alishapoteza mbili. Siku moja nikaona matone ya damu. Nikaandika kwenye kundi, nikasema naogopa, naomba mniombee. Baada ya siku chache ikatoka. Nilipomjulisha kocha akaniandikia pembeni: "Pole sana, lakini ulimwengu haukosei. Woga wako ndio ulioita hilo. Jifunze, ili wakati ujao usirudie."

Tangu siku hiyo nimekuwa naogopa kuogopa. Mtoto akichelewa kidogo kutoka shule, nikianza tu kuwaza kwamba labda amegongwa, najipiga kibao nisimvutie ajali. Usiku nalala na simu sikioni ikijinenea maneno mazuri ili akili yangu isipate nafasi ya kuwaza.

Shangazi, ni kweli niliivuta mwenyewe? Nikitoka kwenye kundi sitapoteza kilichokuwa njiani? Na kanisani kwetu nako tunaambiwa tukiri na tuamini, na kocha alitupa Mithali 23:7, "aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo." Nikimkataa kocha si nitakuwa nimelikataa Neno? Na mume wangu nimwambieje?

Fundi, Morogoro

---

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa mtoto.

Nimeishia hapo kwenye pole makusudi. Mtu akikupa pole halafu akaiwekea "lakini" nyuma yake, ameshaichukua pole yake.

Hukuivuta. Kati ya kila mimba 100 ambazo mama ameshajua anazo, kati ya 10 na 20 huharibika, na nyingi hutoka kabla ya wiki ya 13. Karibu nusu ya hizo zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu, yaani vile vibebea urithi vya baba na mama vilizidi au vilipungua tangu yai na mbegu vilipokutana. Siku hiyo wewe ulikuwa hujui hata kama una mimba. Ulikuwa umekaa kwenye cherehani yako unashona, huogopi chochote. Hofu uliyokuwa nayo tangu mwanzo ilikuja baada ya hapo, na ukiisoma barua yako mwenyewe utaona ule woga ulioandika kwenye kundi ulikuja baada ya damu. Kocha amekuja kulifanya tokeo kuwa sababu.

Kama woga ungekuwa unatoa mimba, nani angezaliwa? Kina mama wa Kongo walivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, wengine na matumbo yao, wakafikia Nyarugusu kule Kigoma, na watoto wakazaliwa kambini. Utaniambia walivuka lile ziwa wakiwa na mtetemo wa neema? Na ugeuze upande wa pili, maana wanawake tunajuana: wangapi wamelala usiku kucha wakiomba mimba isiwepo, wakiichukia, wakilia, na mtoto akatoka na kilo nne na sauti ya muadhini? Wazo lingekuwa na nguvu anayoisema kocha, hao wote wasingekuwepo, na wengine tunawajua mpaka kwa majina.

Kama baada ya mimba kutoka hukwenda kituo cha afya, nenda. Ukiwa na homa, maumivu yasiyoisha, damu nyingi au uchafu unaonuka, usingoje kesho. Ukitaka kujaribu tena, muulize muuguzi kuhusu foliki asidi, huanzwa hata kabla ya kushika mimba. Ikitokea zikatoka mara mbili au tatu kuna vipimo vya kufanya, na dada yako naye umwambie, kama hajafanyiwa. Na hiyo simu ya sikioni usiku, izime. Ukiona usingizi hauji na hofu haishuki, mweleze daktari hivyohivyo ulivyonieleza mimi. Kujipiga kibao kwa sababu umemuwazia mwanao si jambo la kuliacha liendelee.

Sasa tulitazame hilo fundisho lenyewe, maana naona bado limekushika mkono.

Ukipata oda ya kwaya, sheria imefanya kazi. Ukipoteza mimba, sheria pia imefanya kazi, wewe ndiye uliyekosea. Ukipata hela, ulimwengu umekujibu. Ukikosa, ulikuwa na shaka moyoni. Na ukisema kwamba una shaka, hiyo shaka ndiyo ushahidi. Muulize kocha swali moja tu, nawe umsikilize vizuri: kitokee kitu gani ndipo aseme fundisho lake limekosea? Hatakuwa na jibu, kwa sababu limeshonwa bila upande wa kufungulia. Hofu yako ya kuogopa imetoka hapo. Haikuletwa na udhaifu wa imani yako, imeletwa na fundisho linaloyaita macho yako mwenyewe adui.

Na macho ya mtu yana kazi. Mwaka 2006 ilitoka filamu iitwayo The Secret, ya Rhonda Byrne, pamoja na kitabu chake, na nyingi ya sauti za alfajiri wanazotuma makocha wetu zimechotwa humo. Mmoja wa walimu walioonekana kwenye filamu ile ni James Arthur Ray. Oktoba 2009 aliwachukua watu karibu na mji wa Sedona, Arizona, kila mmoja amelipa karibu dola 10,000, akawaingiza kwenye hema la mvuke la joto kali na kuwahimiza waushinde mwili wao. Watu watatu wakafa. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa uzembe uliosababisha vifo. Miili ya wale watu ilikuwa inawaambia tokeni, nao walikuwa wamefundishwa kwamba sauti ile ndiyo ya kushindwa. Woga ulioupata ulipoona damu ulikuwa unakwambia nenda hospitali. Ulikuwa woga mzuri.

Kocha wako anaiita siri ya kale iliyofichwa na matajiri. Kale ipi? Karne ya 19 kulikuwa na fundi saa mmoja, Phineas Quimby, katika mji wa Belfast, jimbo la Maine huko Marekani, aliyeshika kwamba maradhi yanatokana na imani potofu za mgonjwa. Aliwakalisha watu na kuzungumza nao, wengine wakapata nafuu. Waliomfuata wakaivuta ile habari kutoka kwenye maradhi hadi kwenye mifuko. Mwaka 1906 mwanasheria William Walker Atkinson akachapisha Chicago kitabu ambacho jina lake lina "mtetemo wa mawazo" na "sheria ya mvutano" yote mawili. Mwaka 1910 Wallace Wattles akatoa kitabu cha elimu ya kutajirika, na hicho ndicho Byrne anasema kilimwasha. Hiyo ndiyo siri yote: imechapishwa, imeuzwa dukani, na ina umri mdogo kuliko reli ya Tanga.

Juu ya mtetemo sitakaa sana. Ubongo kweli hutoa umeme na usumaku kidogo, na hupimwa kwenye vyumba maalumu vilivyokingwa, kwa sababu usumaku huo ni dhaifu kuliko ule wa dunia kwa mamia ya mamilioni ya mara. Hauwezi kusogeza sindano iliyolala mbele yako mezani, sembuse kumvuta mteja kutoka Kihonda.

Huo mwaka 1906 nautaja kwa sababu nyingine. Wakati Atkinson anachapa kitabu chake Chicago, huku kwetu vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha. Vilianza Julai 1905 Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa ya Wajerumani. Walikuwa na maji ya dawa ya mganga Kinjeketile, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Tarehe 30 Agosti 1905 waliiendea boma ya Mahenge, ambayo leo iko mkoani kwako, wakitembea wima mchana kweupe kuelekea kwenye bombomu. Nani atathubutu kusema wale watu walikuwa na shaka moyoni? Mtu mwenye shaka haendi wima mbele ya bombomu. Waliokufa katika vita vile, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi zaidi ya 250,000.

Siwacheki wazee wetu, Mungu aniepushe. Imani ile ilifanya kazi kubwa: iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja. Iliinua miguu ya watu. Kwenye risasi haikugusa kitu. Hapo ndipo uwezo wa imani unapoishia, mwanangu, kwa Mzungu wa Chicago na kwa fundi wa Morogoro: inakufikia wewe, mikono yako, ulimi wako, jinsi unavyompokea mteja mlangoni. Ile oda ya kwaya ilikuja kwa sababu kwaya ilihitaji sare nawe ulikuwa umechangamka. Mumeo aliliona hilo kabla ya ulimwengu.

Kwa hiyo saa kumi na moja endelea kuamka, mradi mikono ipate kitu cha kufanya.

Tena huko kukaa na kuiona ndoto kana kwamba imeshatimia, ambako ndiko unakolipia, kumechunguzwa na hakukupata alama nzuri. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen aliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu Ujerumani waliokuwa wanatafuta kazi, akachapisha matokeo na mwenzake mwaka 2002. Wale waliokuwa wakijiona mara kwa mara akilini wameshapata kazi nzuri walituma maombi machache zaidi, wakaitwa na waajiri wachache zaidi, na mishahara yao ikawa midogo zaidi. Akili ikishakula karamu ya mawazo huona hakuna haraka. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Los Angeles, Pham na Taylor, walikuwa wamewaambia wanafunzi wengine wajione wamefaulu mtihani, na wengine wajione wamekaa wanasoma. Waliojiona wanasoma walisoma saa nyingi zaidi na kupata alama nzuri zaidi.

Bila shaka umeshapewa hadithi ya Jim Carrey, mchekeshaji wa sinema, aliyejiandikia hundi ya dola milioni 10 alipokuwa hana kitu na baadaye akazipata. Ni kweli alijiandikia. Lakini alikuwa amepanda jukwaani tangu akiwa kijana mdogo, na alipoisimulia kwa Oprah mwaka 1997 alisema mwenyewe kwamba huwezi kupiga picha akilini halafu ukaenda zako kula sandwichi. Kipande hicho makocha hukikata. Na wale wengine wote waliojiandikia hundi na hazikuja, nani amewahi kuwaalika kwenye semina?

Kuhusu Neno. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo nilimwendea jirani yangu mwinjilisti, tukaifungua Biblia yake hapo barazani. Mithali 23 kuanzia aya ya 6 inazungumzia kualikwa chakula na mtu mwenye jicho baya. Anakwambia haya, kula, kunywa, lakini moyo wake hauko pamoja nawe, maana aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo. Ni onyo juu ya mwenyeji bahili anayekuhesabia matonge! Hakuna gari wala nyumba humo. Mwinjilisti alicheka, akasema na yeye aya hiyo ameisikia kwenye semina mara nyingi kuliko kanisani.

Akanionyesha na Ayubu. Ayubu alipofiwa na watoto, rafiki zake walimjia na hesabu ileile ya kocha wako: hayo hayakukupata bure, lazima kuna jambo ulifanya. Na mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu alimkasirikia Elifazi na wenzake wawili, siyo Ayubu. Ayubu alilia, akauliza, akalalamika mpaka kwa Mungu mwenyewe, na hakuambiwa ana mtetemo mbaya.

Hayo ya kukiri utajiri kanisani nayo yana njia yake. Yamepita kwa wahubiri wa Marekani kama E. W. Kenyon na baada yake Kenneth Hagin, ambaye shule yake ya Rhema ilianza Tulsa mwaka 1974 na kueneza wahubiri duniani. Wasomi wanabishana Kenyon alichota kiasi gani kwa warithi wa yule fundi saa, sitaingia kwenye ugomvi huo. Mtihani wangu ni mwepesi. Sala unamwomba Mtu anayeweza kukwambia hapana, nawe ukabaki kuwa mtoto Wake. Ulimwengu wa kocha hauna hapana. Una mteja aliyekosea tu. Kwetu tuna hadithi ya yule bwana aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge ngamia wake au amwache amtegemee Mungu. Akaambiwa mfunge, kisha utegemee. Mchungaji wako akikwambia omba na ufanye kazi, mko pamoja. Akikwambia mtoto alitoka kwa upungufu wa imani, mpe Ayubu 42 aisome.

Unauliza kama utapoteza kilicho njiani. Kilicho njiani nakijua, ni zile nusu za sare. Ulisema uliacha kuandika madeni, lakini vipimo huwezi kuacha kuandika, fundi gani anashona suruali ya kaki bila kipimo? Basi chukua daftari la vipimo la Desemba na Januari. Humo mna jina la mtoto, kiuno, urefu, pengine na jina la shule. Kando fungua ujumbe wa malipo ya simu wa miezi hiyohiyo, uone nani alituma ngapi. Bei zako unazijua. Toa, utapata. Waliolipa taslimu watakusumbua kidogo, lakini wengi wao ukiwataja kiasi watakwambia wenyewe "hapana, nilibakiza kumi."

Kazi ngumu itakuwa mdomo wako. Yule Oettingen ana dawa niipendayo: taja unachotaka, kisha taja kinachokuzuia ndani yako mwenyewe, kisha panga kabla, kikitokea hiki nitafanya hiki. Kwako naona kizuizi ni aibu. Kwa hiyo panga leo: mama fulani akisema "nitakutumia jioni," nitasema "haya dada, nakupigia saa moja," na saa moja napiga. Akisema hana, nitasema "nipe elfu tano leo, nyingine mwisho wa mwezi." Anza na watatu unaowaogopa kidogo, wakali waache mpaka ulimi uzoee. Kuanzia sasa sare haitoki dukani kama nusu ya pili haijalipwa, hata kama mtoto ni wa mjumbe.

Kwenye kikoba usisubiri kikao. Mwone mwenyekiti na mweka hazina kabla, waambie rejesho unaloliweza, hata dogo, na utangulize kitu mkononi siku hiyohiyo. Uliza pia kama mfuko wa jamii unamgusa mwanachama aliyepoteza mimba, maana vikoba vingi vina mfuko wa shida na kina mama huona haya kuutaja kwa jambo hili. Kitu kimoja nakukataza kabisa: usikope kausha damu ili ulipe kikoba. Hapo utakuwa umehama kwenye shida ya majirani ukaingia kwenye shida ya wageni.

Kocha mwandikie mara moja, kwa ufupi, kwamba unaomba urejeshewe 350,000 za darasa la ndani, na utunze risiti. Sitegemei atarudisha, ila uwe umeomba. Kisha toka kwenye kundi. Usiandike hotuba ya kuaga, wataigeuza somo la kesho alfajiri. Rafiki yako aliyekuingiza usimfanye adui, yeye naye analipa. Mpigie simu nje ya kundi, mzungumze ufundi.

Sasa mumeo. Anza na mtoto, fedha zifuate. Hiyo mimba ilikuwa yake pia, na wewe umeibeba peke yako kama kosa la jinai. Msomee ule ujumbe wa kocha kama ulivyo, na umwambie ndicho kilichokuwa kinakunyima usingizi. Mwache aseme, au anyamaze. Kisha, usiku uleule, usilale nalo tena, mwambie ovaloki haipo, pesa ilikwenda wapi na marejesho yamefika wapi. Atakasirika kwa hilo la pili, na ana haki, usimkatize kwa machozi wala usimwambie kwamba kukasirika kunavuta mabaya. Akiuliza "sasa tunafanyaje?" uwe tayari na lile daftari la vipimo, majina ya wadaiwa yameshapangwa, na umwombe awachukue wale wakali.